Silikoni Haikauki, Huganda

Mvua zianzapo hapa Kwanza, shule nyingi hununua silikoni ya kuzibia nyufa za madirisha na mapaa. Tyubu moja hutumika nusu, nusu hubaki, na muhula ufuatao nusu hiyo huwa ngumu kama kwato. Hununuliwa nyingine, kwa fedha zilezile za wazazi. Mimi nasadiki kwamba hasara hii, kwa kiasi kikubwa, chanzo chake ni neno.

Husemwa kwamba gundi "imekauka". Kitenzi hicho chaifaa gundi ya pancha ya mafundi wa baiskeli. Humo mpira umeyeyushwa katika kimiminiko chepesi mfano wa petroli. Kikiruka hewani, mpira hubaki. Kuihifadhi ni kukizuia kisitoroke: kaza kifuniko, weka mbali na jua. Silikoni ni kinyume chake. Haipotezi maji, bali huyanywa. Unyevu wa hewa ndio unaoigandisha, na ile harufu ya siki, kwa aina zilizo nayo, ni asidi inayotoka wakati wa kuganda. Basi anayeiweka kando ya mtungi wa maji "ili isikauke" anaiharakisha kufa. Jokofu nalo halifai kwa tyubu iliyofunguliwa, kwani ikitolewa hushika umande.

Lifaalo ni hili: ukimaliza kazi, kamua kidogo mpaka silikoni ichomoze mdomoni kiasi cha sentimita 1, kisha legeza bunduki ya kusukumia. Kipande hicho kitaganda na kuwa kizibo. Siku ya haja utakivuta kwa koleo. Wengine hutia msumari, lakini heri skrubu nene, maana msumari laini huacha upenyo. Juu yake kaza ukanda wa mpira kuukuu wa baiskeli. (Mifuko ya plastiki ya dukani, tuliyozoea kuivisha, ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017.) Hata hivyo plastiki ya tyubu yenyewe hupitisha unyevu kidogo kidogo, kwa hivyo tarehe iliyochapwa isipuuzwe.

Mafundi wa majahazi wa Lamu wana neno kalafati, yaani pamba inayoshindiliwa kati ya mbao ili maji yasipenye. Sioni kwa nini vitabu vyetu vya sayansi visilitumie kwa silikoni na jamaa zake. Gundi huunganisha, kalafati huziba. Wanafunzi wangu wa isimu hulicheka walisikiapo mara ya kwanza. Fundi mmoja wa mabomba hapa kwetu alilichukua siku hiyohiyo.