Bei ya Haki kwa Kazi ya Shanga

Miongoni mwa vyama vya msingi vimo vile ambavyo wanachama wake, wengi wao akina mama wa Kimasai, hutengeneza vidani, hereni na bangili za shanga. Tunapokagua vitabu vya vyama vya namna hii, mara nyingi tunakuta hesabu ya shanga imo, hesabu ya uzi na waya imo, lakini saa za kazi za mtengenezaji hazimo. Bei imepangwa kwa kutazama jirani anauza kiasi gani. Yafaa tueleze namna ya kuipanga kwa hesabu.

Bei ya haki ni ile inayorudisha gharama ya vifaa, inayomlipa mtengenezaji kwa saa zake zote, inayobeba matumizi ya chama, na kuacha akiba. Ikipungua hapo, pengo hilo hulipwa na mtu, naye ni mwanachama.

Tuchukue kidani kimoja. Tarakimu hizi ni za mfano tu; kila chama kiweke zake.

Shanga, uzi, waya na ngozi: Sh. 8,000
Kazi, saa 10 kwa Sh. 1,500: Sh. 15,000
Nauli, kodi ya chumba na matumizi mengine: Sh. 2,000
Jumla: Sh. 25,000
Akiba, asilimia 10: Sh. 2,500
Bei ya kuwauzia wenye maduka: Sh. 27,500

Sasa mchuuzi akija na Sh. 18,000 taslimu, fedha hizo huonekana nyingi. Lakini toa Sh. 8,000 za vifaa na Sh. 2,000 za matumizi: zimebaki Sh. 8,000 kwa saa 10, yaani Sh. 800 kwa saa. Mwanachama amemchangia mchuuzi Sh. 7,000, na chama hakikupata akiba hata senti moja.

Makatibu huuliza: saa zipimwe vipi, ikiwa mmoja ana mkono mwepesi na mwingine hufanya kazi huku akilea mtoto? Jibu ni kuwapa wanachama watatu wenye kasi tofauti mtindo ule ule, kisha wastani wa saa zao uandikwe katika kadi ya mtindo huo. Malipo yafuate kadi, siyo mtu. Kazi yenye kasoro irudishwe ikarekebishwe kabla ya kupokelewa, wala isipelekwe sokoni kwa bei ya chini, kwani huishusha hata iliyo njema.

Kadi hizo zipitiwe kila shehena mpya inaponunuliwa. Shanga za kioo hutoka ng'ambo, zikiwamo zile za Jamhuri ya Cheki, hivyo thamani ya shilingi ikishuka, gharama hupanda hata kama hapa nyumbani hakuna kilichobadilika. Vyama vikinunua shanga kwa pamoja, huweza kupata nafuu ambayo mtu mmoja dukani haipati.

Je, soko likiikataa bei? Hapo usikatwe ujira, ubadilishwe mtindo. Kidani kipunguzwe upana, au itengenezwe bangili ya saa mbili badala ya kidani cha saa 10. Mnunuzi mwenye fedha kidogo atapata kitu kidogo, lakini saa ya mwanachama itabaki na thamani yake.

Zaidi ya yote, bei iwe moja kwa wanachama wote. Wanaposhindana kando ya barabara, kila mmoja akimpunguzia mgeni kuliko mwenzake, anayefaidi ni mgeni peke yake.

Wako wanaoiona akiba kuwa ni anasa. Wakumbuke mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia safari za watalii duniani kote. Aliyekuwa na akiba aliweza kula, kununua shanga na kungoja. Asiyekuwa nayo alilazimika kuuza kwa bei yoyote.

Kwa hiyo kila katibu aandae kadi kwa kila mtindo, halmashauri ipitishe orodha ya bei, nayo itundikwe mahali pa wazi na kusomwa kwa sauti katika mkutano, ili hata asiyejua kusoma ajue saa yake inalipwa kiasi gani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na saa za mtengenezaji nazo ni mali.