Kidari, Kifua na Chembe ya Moyo

Mwanzoni mwa Misa, tunapokiri makosa yetu, tunajipiga kifua. Pale katikati mkono unapogonga pana mfupa bapa, mgumu. Huo ndio kidari. Wengi wetu neno hili tunalijua jikoni tu, kidari cha kuku, ile sehemu anayopewa mgeni. Lakini hata sisi binadamu tunacho.

Pitisha kidole kuanzia kwenye kishimo kilicho chini ya koo, ukishuka katikati ya kifua. Kwa mtu mzima mfupa huo una urefu wa sentimita 15 hadi 20 hivi. Jozi 7 za mbavu za juu zimeshikamana nao kwa gegedu, yaani ule mfupa laini unaotafunika. Nyuma yake umekaa moyo, ukielemea kushoto kidogo. Ncha yake ya chini ni ndogo, na mtu aliyekonda huigusa siku moja akadhani ameota uvimbe. Hapana, amezaliwa nayo.

Kwa nini tujisumbue na majina? Kwa sababu mgonjwa wa Namawala anaonwa kwanza kijijini, kabla ya kufikiriwa safari ya Hospitali ya Mt. Fransisko Ifakara, na mganga huanza na maneno ya mgonjwa. Neno “kifua” lina mambo mawili. Tukisema fulani “ana kifua”, maana yake anakohoa. Basi mkulima aliyeumia kwa kubeba magunia ya mpunga akisema “nina kifua”, ataulizwa habari za makohozi. Afadhali aweke kidole mahali panapouma.

Kidari kikiuma pembeni, zinapokutana mbavu, na maumivu yakizidi ukibonyeza, mara nyingi ni kazi nzito au kikohozi cha siku nyingi. Maumivu ya nyuma ya kidari, yanayobana kana kwamba umelaliwa na gunia, yakaenda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho jembamba, ni hatari. Huenda ni moyo. Usisubiri kesho.

Chembe ya moyo ni jina linalodanganya. Ni pale chini ya ncha ya kidari, na ndani yake kuna tumbo la chakula, si moyo. Panapochoma wakati wa njaa, au baada ya kula, mara nyingi shida ni ya tumbo. Hata hivyo moyo wenye ugonjwa nao huweza kuumia hapo hapo. Ndiyo maana hatupendi ile tabia ya kumeza vidonge vya tumbo vya dukani mwezi mzima bila kupimwa.

Kwa watoto wadogo kidari husema zaidi. Mtoto anayekohoa mvue nguo, umtazame akiwa ametulia. Kawaida avutapo pumzi kifua hutanuka. Kama sehemu ya chini ya kifua, kandokando ya ncha ya kidari, inabonyea ndani kila avutapo pumzi, huenda ni nimonia. Apelekwe zahanati saa hiyo hiyo. Tusiseme ni baridi ya mbugani, tukampaka mafuta na kumfunika.

Mwenye saa ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, anapumua haraka mno. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha 60, au akipumua kwa shida yoyote, aondoke mara moja. Asiyeweza kunyonya wala kunywa asihesabiwe, apelekwe tu. Na mtoto akiwa analia hesabu haifai: mwacheni atulie mikononi mwa mama, ndipo muanze upya.