Kisamvu na Neno "Kiondoasumu"

Katika matangazo ya majani ya dawa, hasa unga wa mlonge, limeenea neno "viondoasumu" kwa maana ya vitu vinavyozuia oksijeni isiharibu chembe hai za mwili. Neno hilo ni jepesi kutamka, nasi hatuna ugomvi na wepesi. Ugomvi wetu ni juu ya maana, na kosa lake huonekana waziwazi katika mwambao wa Ziwa Nyasa, huko Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, sehemu iliyokuwa ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012.

Huko muhogo ni chakula kikuu, na majani yake, yaani kisamvu, ni mboga. Kisamvu kina protini, vitamini C, na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini C na karotini ndizo ambazo mfasiri angeziita viondoasumu. Lakini majani hayo hayo yana linamarini, ambayo jani likipondwa hutoa sianidi, na hiyo ni sumu hasa. Mama anayetwanga kisamvu, kisha akakichemsha kwa muda mrefu bila kufunika chungu, huiondoa sumu hiyo kwa mchi na moto. Sasa aandikiwe katika karatasi ya serikali kwamba kisamvu "kina viondoasumu": ataelewa nini, kama si kwamba mboga hujiondolea sumu yenyewe?

Wala jambo hili si la kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wilaya ya Mbinga ilipatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu utokanao na kula mizizi ya muhogo mchungu isiyotayarishwa vema. (Konzo ni neno la Kiyaka, lugha ya Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Hapo istilahi imesema kweli.)

Tunapendekeza "kizuiaoksidishaji". Ni refu, twakiri. Mwalimu aweza kulifundisha kwa bilinganya: likikatwa na kuachwa katika hewa hugeuka rangi ya kahawia, likipakwa ndimu hukawia kugeuka. Ndimu imezuia, haikuondoa sumu yoyote.

Aidha, vitamini C nyingi hupotea katika kuchemsha. Mfasiri asije akamshauri mpishi apunguze moto ili kuiokoa. Mapera na maembe yanayo, tena huliwa mabichi.