Hakuna Mdukuzi wa Kuirudisha TT Yako

Swali huja kwa maneno tofauti lakini ni lilelile: "Kaka, huna mtu anayeweza kuirudisha TT?" Anayeuliza ameona gari kwenye tovuti inayodai kuuza moja kwa moja kutoka minada ya Japani. Ameonyeshwa karatasi ya mnada yenye daraja la 4, picha safi za Harrier au IST, akapewa profoma, akatuma dola kwa TT, yaani uhamisho wa fedha kutoka benki hadi benki. Sasa wiki ya tatu inakatika, muuzaji hapokei simu, na namba ya chasisi haimo kwenye meli yoyote. Mpaka hapo namwelewa, na roho inaniuma kwa ajili yake. Kinachonikera ni kinachofuata. Hajaenda benki. Hajaandika barua. Hajafika polisi. Lakini tayari anayo namba ya WhatsApp ya "mtaalamu wa kurejesha fedha", na anataka nimthibitishie kwamba huyo ni mtu wa kweli.

Si wa kweli. Sijakutana na wa kweli hata mmoja, kwa sababu kazi anayodai kuifanya haipo. Nimeshughulika na malipo ya nje ya nchi muda wa kutosha kulisema hili bila kupepesa macho, na nitalitengea nafasi kubwa kuliko mambo mengine yote, kwani ndilo linalommalizia aliyelizwa hata akiba iliyonusurika.

Imani yenyewe ni hii: kwamba TT ni fedha inayosafiri kwenye mtandao uitwao SWIFT, na kwamba fundi hodari wa kompyuta anaweza kuidaka njiani au kuivuta nyuma. SWIFT haina fedha ya mtu. Ni ushirika wa mabenki ulioanzishwa 1973, makao yake La Hulpe, Ubelgiji, na kazi yake ni kupeleka ujumbe kutoka benki hii kwenda ile. Benki yako ya Dar es Salaam huiandikia benki ya Marekani inayoitunzia dola: punguza akaunti yangu, mpe fulani. Nayo huiandikia inayofuata. Kila benki hubadilisha tarakimu kwenye vitabu vyake. Mwishoni akaunti ya muuzaji huongezeka, na tangu dakika hiyo benki yake inadaiwa na yeye, si na wewe. Katikati hapana kitu kinachoelea. Ili tarakimu zirudi, ile benki ya mwisho lazima ipunguze akaunti ya mteja wake, na haitafanya hivyo ila kwa ridhaa ya mteja huyo, kwa amri ya mahakama au mamlaka, au pale sheria ya nchi yake na masharti ya akaunti yanapoiruhusu kwa sababu ya utapeli. Mdukuzi hana nafasi popote hapo.

Nikifika hapa huwa natajiwa Bangladesh. Vizuri, tuitazame Bangladesh. Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye mifumo ya benki kuu ya nchi hiyo na kutuma maagizo ya uongo kwa Federal Reserve Bank of New York, wakijaribu kuchota karibu dola bilioni moja. Maagizo mengi yalizuiwa. Dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilisimamishwa kwa sababu jina la mpokeaji lilikosewa herufi, na zikarudi. Lakini dola milioni 81 ziliingia kwenye akaunti za benki ya RCBC, Manila, zikatolewa, zikapotelea kwenye kasino. Ombi la kuzizuia lilitumwa wakati Ufilipino iko kwenye sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, na lilipofanyiwa kazi akaunti zilikuwa zimekaushwa. Walioibiwa walikuwa benki kuu, serikali ikiwa nyuma yao na wachunguzi wa Marekani pembeni yao. Zilizorejea kutoka Manila mwaka ule ni kama dola milioni 15, na zilirudishwa na mfanyabiashara wa kasino baada ya kubanwa hadharani na Seneti ya Ufilipino. Nyingine Bangladesh ilikwenda kuzifungulia kesi New York mwaka 2019. Kama kungekuwa na kijana wa kuvuta fedha nyuma kwa kompyuta, mteja wake wa kwanza angekuwa Benki Kuu ya Bangladesh. Tukio hilo linaonyesha kwamba kuiba kwa udukuzi kunawezekana. Kurudisha kwa udukuzi halikuonyesha hata kidogo.

Sasa liweke kando ya tukio jingine. Julai 2024 kampuni moja ya Singapore ilipokea barua pepe iliyoonekana kutoka kwa muuzaji wake wa kawaida, ikitaja akaunti mpya ya benki huko Timor-Leste. Anwani ya barua pepe ilitofautiana kidogo tu na ile halisi. Tarehe 19 kampuni ilituma dola milioni 42.3. Siku nne baadaye muuzaji halisi alisema hajalipwa, kampuni ikaenda polisi papo hapo. Polisi wa Singapore walitumia utaratibu wa Interpol wa kusimamisha malipo, uitwao I-GRIP, na tarehe 25 dola milioni 39 zilikutwa bado ziko kwenye akaunti, zikazuiwa. Zaidi ya milioni 2 nyingine zilipatikana baadaye. Hakuna siri ya kompyuta iliyotumika. Aliyetapeliwa aliripoti siku aliyojua, polisi wa nchi moja wakawasiliana na polisi wa nchi nyingine, benki ikafunga akaunti kabla fedha hazijatolewa.

Ujanja huohuo wa akaunti iliyobadilishwa ndio unaowaliza wanunuzi wa magari wa Kariakoo na Mombasa, hata wale walioagiza kwa kampuni halali. Na ndiyo sababu kila saa unayoitumia kuchati na "mtaalamu" ni saa unayompa mwizi wa kwanza atoe fedha.

Huyu "mtaalamu" anafanyaje kazi? Hukufikia baada ya wewe kulalamika hadharani, au hukupigia kabla hujamwambia mtu yeyote, akitaja kiasi ulichotuma, tarehe, na aina ya gari. Watu huona huo ni ushahidi kwamba ana uwezo. Tafadhali fikiri tena: nani mwingine anajua kiasi na tarehe? Ni yuleyule aliyekuibia, au ni mtu aliyeuziwa orodha ya majina ya walioibiwa. Kisha hukutumia picha ya skrini yenye nembo ya SWIFT, ya Interpol au ya Benki Kuu, ikionyesha fedha zako "zimepatikana na zinasubiri". Interpol haipokei malalamiko kutoka kwa mtu binafsi, humwelekeza kwa polisi wa nchini kwake. Benki Kuu haifungui akaunti za raia. Halafu inakuja ada ya kufungua faili, kisha kodi, kisha cheti cha kuthibitisha kwamba fedha si za utakatishaji, na kila ada hulipwa kwa sarafu ya kidijitali ya USDT au kwa simu ya mtu ambaye jina lake halifanani na la kampuni yoyote. Aliyepoteza dola 6,000 yuko radhi kutoa 300 ili aziokoe. Hesabu hiyo ndiyo mtaji wao.

Fidia halisi haiombi ada mbele. Januari 2017 Western Union ilikubali kutoa dola milioni 586 baada ya kukiri nchini Marekani kwamba mawakala wake waliachiwa kuwasaidia matapeli, na waliotapeliwa walijaza fomu za kudai fedha zao bila malipo. Kanuni za Marekani za biashara kwa simu zinamkataza anayeahidi kurejesha fedha zilizotapeliwa kudai chochote mpaka zipite siku saba za kazi tangu mteja azipate mkononi. Ukiambiwa "lakini jirani yetu alirudishiwa na huyohuyo jamaa", uliza alilipa kwa njia gani. Mara nyingi utakuta alilipa kwa kadi, na jamaa alimjazia fomu ya pingamizi ambayo benki huitoa bure, akachukua asilimia zake.

Basi tuje kwenye yanayofanyika, na tuyapite haraka, kwa kuwa ukiwa umetapeliwa hupaswi kuwa unasoma.

Muuzaji usimwambie umemshtukia. Endelea kumjibu kwa upole mpaka ombi la benki limetoka. Japani iko saa sita mbele yetu: ukiingia benki Dar es Salaam au Nairobi saa mbili na nusu asubuhi, Tokyo ni saa nane na nusu mchana, na madirisha ya benki nyingi kule hufungwa saa tisa. Kwa hiyo piga simu ya huduma kwa wateja usiku uleule ili taarifa yako iandikwe na muda wake, na asubuhi uwe mtu wa kwanza mlangoni. Omba idara ya malipo ya nje, si dirisha la kuweka na kutoa. Waambie unataka ombi la kufuta malipo kwa sababu ya utapeli, na hapa kuna jambo ambalo wateja hawaambiwi: ombi hilo huwa na msimbo wa sababu. Msimbo CUST maana yake mteja ameomba tu, na benki ya mpokeaji inaweza kumpigia mteja wake, ikapata "hapana", ikafunga faili. Msimbo FRAD unasema malipo yametokana na udanganyifu, na hupaswa kufika kwa watu wa kuzuia uhalifu. Barua yako iseme umedanganywa, isiseme umeghairi kununua. Omba nakala ya ujumbe wa malipo yenye UETR, ile namba ndefu ya alama 36 (herufi, tarakimu na vistari) inayofuata malipo yako kila benki yanakopita.

Ukitoka hapo nenda polisi, kitengo cha makosa ya mtandao. Tanzania rudi na RB, Kenya namba ya OB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi, kisha ipeleke benki siku hiyohiyo, kwa sababu benki ya ng'ambo itaiuliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa Tanzania na ile ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 kwa Kenya zinatosha kufungua jalada, usikubali kuambiwa ni deni la kibiashara. Waombe polisi walipeleke suala Interpol kupitia ofisi yao ya kitaifa, njia ileile iliyowasaidia Singapore.

Kama akaunti iliyopokea iko Japani kweli, kuna sheria ambayo watu wa huku karibu hawaijui kabisa. Ilianza kutumika Juni 2008, ikilenga akaunti zilizotumika kupokea fedha za utapeli. Benki huigandisha akaunti, Shirika la Bima ya Amana la Japani hutangaza kwenye tovuti yake kwa siku zisizopungua 60, haki ya mwenye akaunti hufutwa, na kilichobaki hugawanywa kwa waliotapeliwa, kila mmoja kwa kadiri ya hasara yake. Maombi hupelekwa kwenye benki yenye akaunti hiyo, ambayo huamua kwa kuangalia ushahidi. Akaunti ikibaki na chini ya yeni 1,000 hakigawanywi kitu. Iandikie benki hiyo mwenyewe kwa Kiingereza, ukiambatisha nakala ya malipo, profoma na taarifa ya polisi, sambamba na ombi la benki yako. Lakini kama "kampuni ya Yokohama" ilikupa akaunti ya nchi nyingine, sheria hii haikuhusu, na hiyo tofauti ya nchi ilitosha kukuzuia kutuma tangu mwanzo.

Ulilipa kwa kadi? Fungua pingamizi benki kwako. Visa na Mastercard kwa kawaida hutoa siku 120. Ulilipa kwa PayPal, una siku 180, ila magari hayamo kwenye ulinzi wao, wala kwenye dhamana ya eBay. Vipuri vimo kwa zote mbili, mradi hukutuma kama zawadi kwa rafiki. Ulituma "hela ya kushika gari" kwa simu Kenya, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 sasa hivi. Tanzania piga kwa mtandao wako, halafu namba ya tapeli itume 15040. Dalali aliyekuingiza mkenge yuko hapahapa nchini, mshtaki. Kenya kuna mahakama ya madai madogo, hadi shilingi milioni moja. Ndugu aliye Uingereza aliyekutumia kupitia akaunti ya hukohuko aulize benki yake kuhusu kanuni ya fidia iliyoanza 7 Oktoba 2024, yenye ukomo wa pauni 85,000. Haihusu malipo yanayovuka mipaka.

Na kama tayari umemlipa yule "mtaalamu", fungua RB ya pili. Hilo ni kosa jipya, lenye mpokeaji mpya na akaunti mpya, na mara nyingi mpokeaji huyo yuko karibu zaidi kuliko wa kwanza. Ikiwa alikuwekea AnyDesk, programu ya kuendesha simu kutoka mbali, iondoe, badili nywila ya barua pepe na ya benki ukitumia simu nyingine, na iambie benki ifunge huduma za mtandaoni mpaka ufike tawini. Ikiwa ulimpa nakala ya kitambulisho, iandikwe kwenye taarifa ya polisi pamoja na tarehe uliyoituma, ili siku jina lako litakapofungua akaunti ya kupokea fedha za mtu mwingine aliyetapeliwa, uwe na karatasi ya kuonyesha.