Garissa Wakati wa Kusi

Jamaa zetu wengi wa Pwani wakitaja matembezi ya likizo hutaja mahali penye mlima na baridi, kama Limuru au Lushoto, mahali pa kuvaa sweta na kuota moto. Ukimwambia mtu wa Kisauni kwamba waenda Garissa kutembea, atakuuliza una msiba gani huko. Mimi nakwambia, ndugu msomaji, nenda, lakini nenda kwa wakati wake. Februari na Machi jua la kule halina huruma. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi likivuma, joto hupungua na usiku mtu hutafuta shuka.

Mlima hamna, lakini mto upo, nao ni Tana, huu huu unaomwaga maji yake baharini kwetu Kipini. Jioni ukiteremka ukingoni utaona migomba, miembe na matikiti, na pengine Wamunyoyaya, wavuvi wa asili wa hapo, katika mitumbwi yao. Kuoga usithubutu, mamba na viboko ndio wenye mto. Nje kidogo ya mji, Bour-Algi, wako twiga ambao wenyeji wamewahifadhi, nao huzoea watu hata ukawatazama kwa miguu.

Siku ya Jumatano usikose soko la mifugo. Ngamia, ng'ombe na mbuzi hujaa vumbi tupu, na desturi ya zamani ya Wasomali ni dalali kushikana mkono na mnunuzi chini ya nguo, vidole vikasema bei na jirani asijue kitu. Hapo utapewa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kwa kuwa chombo hufukizwa kwanza. Mgeni hukunja uso kwa funda la kwanza, la tatu huomba mwenyewe. Wali utaletewa na ndizi mbivu juu ya sahani ile ile. Kula tu, wala usiulize.

Najua kilichomo moyoni mwa msomaji. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, lakini wageni hawakurudi kwa wepesi huo. Sisemi hofu haina sababu. Nasema mtu aulize hali ya njia kwa polisi na wenyeji kabla ya kutoka mjini, hasa akielekea Masalani na Ijara.

Na huko Masalani ndiko aliko mnyama ambaye mimi namwona bora kuliko simba wote wa Tsavo. Ni hirola, swala wa rangi ya mchanga, mwenye alama nyeupe kuzunguka macho kama aliyevaa miwani. Wamebaki chini ya 500 duniani, na karibu wote wako katika nchi hii kati ya Tana na mpaka wa Somalia. Walikuwa maelfu, hata sotoka ya miaka ya 1980 ikawafagia. Mwaka 1996 Serikali ilipotaka kuwahamishia Tsavo Mashariki, wenyeji wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu wakidai kwamba mnyama huyu ni wa ardhi yao na abaki alipozaliwa. Mahakama ikatoa amri ya kuzuia. Watu ambao kila siku twaambiwa hawajali ila ngamia wao!

Hawakuishia kwenye maneno. Walitenga malisho yao wenyewe kuwa hifadhi ya Ishaqbini, na mwaka 2012 hirola 48 wakatiwa ndani ya ua mkubwa usiopitika na simba wala fisi, wazae kwa salama. Wamezaa na kuongezeka. Fika mapema, jua kabla halijapanda, maana likishakuwa kali hujikalia kivulini, na rangi yao na ya nyasi kavu hazipambanuki.