Teksi Zilipogoma Addis Ababa

Barabara inayotoka Isiolo kwenda Moyale huendelea hadi Addis Ababa, mji ambao wafanyakazi wake walitikisa kiti cha Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia.

Februari 1974 bei ya petroli ilipanda. Madereva wa teksi wakagoma, walimu wakaacha chaki, askari nao wakaasi kambini. Mwezi haujaisha, Waziri Mkuu Aklilu Habte-Wold akajiuzulu.

Machi, shirikisho la wafanyakazi, CELU, likaitisha mgomo mkuu wa siku nne. Haikuwa mara ya kwanza wafanyakazi kumtikisa mfalme: Paris mwaka 1848 vibarua na mafundi walijenga vizuizi barabarani, Mfalme Louis-Philippe akakimbia. Lakini Ethiopia, wenye bunduki ndio walionyakua nchi: Septemba 12 walimtoa Haile Selassie ikulu kwa Volkswagen. Desemba 1975 wakaivunja CELU, iliyowasafishia njia.