Gari Lianze kwa Breki

Wahenga hawakukosea waliponena, "Usione vyaelea, vyaundwa." Hapa Kitengela, ukipita mitaani Jumamosi, hukosi kuona gari kuukuu limewekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na mtu amelala chini yake, miguu nje. Wengine huwacheka watu hao. Mimi siwacheki, kwani sisi pia tunalo letu.

Letu ni pikapu ya Datsun 1200, mali ya marehemu babu. Alibebea maji na mbuzi kule Kajiado. Lilipoharibika lilikaa chini ya mgunga miaka mingi, hata kuku wakataga ndani. Babangu akalileta kwa lori kupitia Isinya. Mama akauliza, "Na hiki chuma mnakiweka wapi?"

Mbona mtu ahangaike na gari la zamani? Kwanza, Datsun zina sifa hapa kwetu. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Pili, ni rahisi kulielewa. Halina kompyuta. Kabureta huchanganya petroli na hewa, nazo pointi, zinazoachana kwa kama nusu milimita tu, huamua plagi itoe cheche wakati gani. Ukiwa na spana, bisibisi na msasa, unaanza kazi.

Sasa nieleze kosa letu. Kila mtu hutamani kusikia injini ikinguruma, kwa hivyo mimi na kaka tulianzia hapo. Tulimwaga petroli iliyooza, tukasafisha kabureta, tukasugua pointi, tukaweka plagi na betri mpya. Ikawaka! Tulishangilia hata majirani wakatoka. Kaka akaingiza gia, gari likaondoka. Alipokanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Ploti yetu ina mteremko, na huko chini dadetu mdogo alikuwa akichota maji kwenye tangi. Nilipiga mayowe. Kaka akakata usukani, gari likagonga ukuta wa choo. Dadetu aliponea kwa hatua mbili hivi. Babangu aliporudi hakutuchapa. Alitazama ule ukuta, akamtazama mtoto, akanyamaza. Heri angetuchapa.

Fundi jirani ndiye aliyetufafanulia. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani. Gari likikaa sana, unyevu huo huleta kutu ndani ya silinda za magurudumu, na mipira yake huharibika. Ukikanyaga, mafuta huvuja, breki hazishiki.

Kwa hivyo, ukitaka kufufua gari nyumbani, fuata utaratibu huu:

1. Linyanyue salama. Udongo wetu mweusi hulainika mvua ikinyesha na jeki huzama. Weka ubao mpana chini ya jeki, kisha gari likae juu ya stendi za chuma. Mawe ya kujengea hupasuka. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

2. Tengeneza breki. Badilisha mipira, paipu zilizochakaa na mafuta yote. Halafu toa hewa: mmoja akanyage pedali, mwingine afungue nati ndogo ya gurudumu na kuifunga kabla pedali haijaachiliwa. Rudieni hadi mafuta yatoke bila mapovu.

3. Sasa nenda kwa injini.

4. Malizia na bodi. Kwangua kutu yote kabla ya kupaka bondo, la sivyo itarudi chini ya rangi mpya. Ukibadilisha rangi au injini, NTSA wajulishwe, na bila bima gari lisiguse barabara.

Mimi nina miaka 16, na leseni ya gari ni kuanzia 18, kwa hivyo kazi yangu ni spana tu. Datsun ya babu sasa inasimama sawasawa, ingawa rangi bado. Ule ukuta wa choo babangu amekataa usitengenezwe. Kila nikishika spana nauona, nami nakumbuka kuwa haraka haraka haina baraka. Kalamu yangu naiweka chini hapa.